Kijana wa Kiislamu na Masomo ya Biashara, Sheria na Historia Chuo Kikuu

  

Swali ninalolijibu hapa nimeulizwa si mara moja hapa Nansio, na wanaouliza si watu wa mzaha. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mvuvi. Tulikuwa tumemaliza swala ya Ijumaa, akanivuta pembeni kwenye baraza ya msikiti. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, na alama zake zinamruhusu kuomba chuo kikuu katika moja ya fani tatu: biashara, sheria, au historia na utamaduni. Mzee alikuwa tayari kuuza mashine ya mtumbwi wake ili kijana asome, lakini moyo wake haukutulia. Akaniambia: "Sheikh, kwenye biashara wanafundishwa riba. Sheria ni ya Mzungu. Na hiyo historia ni habari za watu waliokwisha kufa. Sasa mimi niuze mashine yangu kwa lipi katika hayo litakalonifaa kaburini?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jibu langu halikumtosha yeye wala halikunitosha mimi. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya maimamu wenzangu wanaoulizwa swali hilohilo huku visiwani na kule Mwanza mjini.

Wanachuoni wameigawa elimu ya faradhi mafungu mawili. Iko fardhi ain, ambayo kila mukallaf inamlazimu yeye mwenyewe: kumjua Mola wake, tohara, swala, funga, na hukumu za lile jambo analolishughulikia kila siku. Na iko fardhi kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu dhima huwaondokea waliobaki, na wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Makosa mengi tunayofanya katika mas'ala haya yanatokana na kudhani kwamba fardhi kifaya ni kumkosha maiti na kumswalia tu. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), katika mlango wa elimu wa Ihyaa, ameiweka ndani ya fardhi kifaya kila elimu ambayo mambo ya dunia hayasimami bila yake. Akataja utabibu kwa ajili ya kuhifadhi miili, na hisabu kwa ajili ya mauzo na kugawa wasia na mirathi. Kisha akalalamika juu ya watu wa zama zake: wanajazana kwenye fiqhi ya khitilafu na mijadala, na huku mji mzima hauna tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Na msemaji huyo ni faqihi mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, si mtu anayeweza kutuhumiwa kuidharau fiqhi.

Kwa hiyo swali la mzee wangu halijibiwi kwa kutazama jina la somo. Linajibiwa kwa kuutazama mji. Je, Ukerewe ina haja ya Waislamu wanaojua biashara, sheria na historia? Mimi ninao ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kosa langu.

Miaka mingi iliyopita alifariki Muislamu mmoja hapa kisiwani akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mali yake ilikuwa mitumbwi miwili, nyavu, na kiwanja chenye kibanda cha duka. Nikaitwa kugawa. Mas'ala yenyewe ni nyepesi kwa kila aliyeisoma Rahbiyya. Mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Asili ya mas'ala ni 8. Saba zilizobaki hazigawanyiki sawasawa kwa watoto, ikasahihishwa mpaka 32: mke 4, kijana 14, na kila binti 7. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wa madrasa, wote wakaona, tukasoma dua, nikarudi nyumbani nimetulia.

Sikujua kwamba ardhi ya maiti haihami kwa ubao wa madrasa. Panahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndugu wa marehemu, ambaye katika hesabu yangu alikuwa mahjubu kwa kuwepo mtoto wa kiume, akaitisha kikao cha ukoo, akachukua muhtasari wa kikao, akaenda mahakamani. Tangazo likabandikwa. Hakuna hata mmoja katika sisi aliyekwenda kupinga, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna cha kupinga. Akateuliwa, kiwanja kikauzwa, na yule mjane akaambiwa kuwa kwa desturi ya ukoo yeye hana fungu, bali atatunzwa na wanawe. Siilaumu mahakama. Yule bwana aliipelekea karatasi, na sisi tulikuwa na chaki.

Baadaye nilikaa na wakili mmoja wa Mwanza akanifahamisha nililokuwa silijui nikiwa na umri wa kuitwa sheikh. Mahakama za makadhi na maliwali za Tanzania Bara ziliondoka kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Lakini sharia ya Kiislamu haikufutwa yote pamoja nazo. Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka ya kusikiliza mashauri yanayohusu sheria ya mila na yanayohusu sheria ya Kiislamu. Tatizo ni kwamba marehemu wetu wengi huku ni Waislamu na papo hapo ni watu wa kabila lenye mila zake. Hivyo jambo la kwanza ambalo hakimu hulitafuta ni: marehemu aliishi maisha gani, na alikusudia mali yake igawiwe kwa njia ipi? Ikithibiti kuwa aliishi Kiislamu, mirathi itapita njia ya Kiislamu. Isipothibiti, yaweza kupita njia ya mila. Na katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu katika urithi maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kutunzwa kwake ni juu ya watoto. Thumuni aliyoifaradhisha Allah (s.w.) katika aya ya 12 ya Suratun Nisaa ikapotea kwa yule mama kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema kwamba marehemu alikuwa akiswali, alioa kwa ndoa ya Kiislamu, na warithi wake ni hawa.

Sasa nani atasimama aseme? Imamu anajua faraidh lakini hajui fomu wala muda wa kuweka pingamizi. Wakili anajua fomu lakini pengine hajui kwa nini mtoto wa kiume amemzuia ami yake. Anayetakiwa ni mtu aliyezishika zote mbili, na mtu huyo hapatikani bila ya kijana wetu mmoja kwenda kusoma sheria.

Yuko atakayesema: vipi Muislamu asome sheria zilizotungwa na watu, na Suratul Maidah, aya ya 44 na zinazoifuatia, imewasema vikali wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Allah? Hoja hii ina uzito wake na haifai kupuuzwa. Lakini yafaa tutenganishe mambo. Kuisoma sheria ni jambo moja, kuiitakidi kuwa ni bora kuliko ya Allah ni jambo la pili, na kuitumia ili kuitoa haki ya mtu ni jambo la tatu. Hilo la pili ni kufuru bila ya shaka. Ama mwenye kuhukumu kinyume bila ya itikadi hiyo, imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba ni kufuru iliyo chini ya kufuru ya kumtoa mtu katika mila. Na hilo la tatu, Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe kuwekwa juu ya hazina za nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa kuwa alijua kuwa anaweza kuhifadhi na ana ujuzi. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 Hijria) katika Qawaidul Ahkam amesema kwamba makafiri wakiitawala nchi kubwa na wakamteua kadhi anayesimamia maslahi ya Waislamu, uteuzi huo hupitishwa, kwa kuwa rehma ya sharia haikubali maslahi ya umma yapotee yote. Ikiwa amelisema hilo katika nchi iliyotekwa, sisi tunaoishi katika nchi yetu wenyewe, ambayo sheria zake zimeacha mlango wa hukumu zetu za ndoa, talaka na mirathi, tuna udhuru gani wa kutousogelea mlango huo?

Halafu mwenye fiqhi akisoma sheria hugundua mambo ambayo sisi wa barazani hatuyaoni. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Masheikh wengi waliposikia walisema hili ni geni, halina asili. Lakini katika Morocco, karne ya 10 Hijria, mwanachuoni wa Kimaliki Ibn Ardun alitoa fatwa kuwa wanawake wa vijiji vya milimani wanaofanya kazi ya shamba pamoja na waume zao wana haki katika mazao kwa kadiri ya juhudi yao. Sisemi kwamba mas'ala haya mawili ni mamoja. Kazi ya shamba si kama kazi ya nyumba, na madhehebu yetu yana maneno yake katika zote mbili. Nasema tu kwamba mwenye kujua pande zote mbili anaweza kujadiliana na hakimu kwa dalili, na asiyejua atabaki kunung'unika.

Nije kwenye biashara, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kisiwa chetu kinaishi kwa ziwa.

Imepokewa na Tirmidhi kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alikataza mtu kuuza katika soko la Waislamu ila aliyeifahamu dini. Tazama basi biashara yetu kubwa hapa. Mtu mmoja ana mtumbwi, mashine na nyavu. Wengine wana mikono yao. Wanakwenda ziwani kuvua dagaa au sangara, wakirudi hutolewa kwanza gharama ya mafuta, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi. Kila mtu huku anafanya hivyo, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza: huu ni mkataba gani?

Katika madhehebu ya Imam Shafi si mudharaba, kwa sababu rasilimali ya mudharaba sharti iwe fedha, wala si nyavu na mtumbwi. Si ushirika wa viwiliwili, kwa kuwa ushirika huo kwetu haufai. Samaki ni mubah, ni wa aliyemvua, na mwenye nyavu ana ujira wa mfano wa nyavu zake. Ibn Qudama wa Kihanbali (aliyefariki 620 Hijria) ameitaja mas'ala hii katika al-Mughni kwa jina lake, mtu kumpa mvuvi nyavu ili samaki wawe nusu kwa nusu. Akaleta kauli kwamba samaki wote ni wa mvuvi na mwenye nyavu ana ujira wa mfano. Kisha akasema kuwa kwa kukisia yaliyopokewa kwa Imam Ahmad, kugawana huko kunasihi. Kwa hiyo wavuvi wetu wana pa kuegemea, na mimi siwafungii njia kwa kuwa wametenda kwa kauli ya Kihanbali.

Lakini ukitokea ugomvi, na hapa kwetu hutokea, na ukataka kuhukumu kwa ujira wa mfano, ujira huo ni shilingi ngapi? Fiqhi imekwambia uutoe. Haikukwambia kiasi chake. Mtumbwi unachakaa kwa miaka mingapi? Nyavu za dagaa zinadumu misimu mingapi kabla ya kuchanika? Mashine iliyonunuliwa kwa bei fulani, baada ya miaka mitatu ina thamani gani? Hesabu ya uchakavu ndiyo somo la mwaka wa kwanza la uhasibu. Hapo kijana wa biashara anamkamilisha faqihi, na faqihi anamkamilisha yeye. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni, mwandishi wake na mashahidi wake. Wafanyabiashara wetu wanaisoma kila Ramadhani, na daftari la duka hawana.

Ama riba. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa biashara atafundishwa namna ya kuikokotoa riba. Kujua si kutenda. Hudhaifa bin al-Yaman (r.a.) alikuwa akimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya shari kwa kuogopa isimfike, na wenzake wakiuliza juu ya kheri. Lakini nisimfiche mzazi jambo: katika hadithi aliyoipokea Muslim laana haikumpata mla riba peke yake, imempata pia mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Kwa hiyo hatari haiko darasani, iko kwenye ajira baada ya darasa. Zamani kijana aliyehitimu angeweza kusema hana pengine pa kwenda. Gulf African Bank ya Kenya ilifunguliwa mwaka 2008, na hapa Tanzania Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011. Taasisi za namna hii zinamtaka mtu mwenye fiqhi na uhasibu pamoja. Chukua murabaha: benki inainunua bidhaa, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Ule muda ambao bidhaa iko katika milki ya benki, ikiteketea, imeteketea juu ya benki. Karani asiyesoma fiqhi huona muda huo ni wa kupoteza, akaruka akaandika mauzo kabla ya ununuzi. Karatasi ikabaki na jina la murabaha, na ndani yake hakuna ila mkopo wa riba.

Mzee aliniuliza pia juu ya mkopo wa serikali wa kusomea. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa deni lake lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Wapo waliosema si riba kwa kuwa shilingi inashuka. Mimi sikuwafuata. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ilikwisha kulitazama jambo hili katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, ikaamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa idadi yake na si kwa thamani yake, wala halifungwi kwenye kupanda kwa bei. Nikawa nawashauri vijana wajizuie kwa kadiri wawezavyo, na wengine walikosa masomo kwa ushauri huo, jambo linalonisikitisha mpaka leo ingawa siujutii. Alhamdulillah, katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6. Mkopo unaorudishwa kwa kiasi kilekile kilichochukuliwa ni qardh, nayo inafaa. Mkopaji aweke nia ya kulipa, kwani deni la serikali ni deni kama madeni mengine, na mali yenyewe ni ya umma.

Imebaki historia, ambayo mzee aliiona ndiyo nyonge kuliko zote. Neno letu la tarehe limetoka katika tarikh, na watu wa hadithi hawakuwa na silaha kali kuliko hiyo. Al-Khatib al-Baghdadi, katika karne ya 5 Hijria, aliletewa waraka uliotolewa na Mayahudi wakidai kuwa Mtume (s.a.w.) aliwasamehe jizya watu wa Khaibar, na ndani yake ushahidi wa Masahaba. Waziri akataka kauli yake. Al-Khatib akautazama akasema: huu ni wa uongo. Akaulizwa umejuaje? Akajibu kwamba ndani yake kuna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, na Khaibar ilikuwa mwaka wa 7. Na ndani yake kuna ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alifariki mwaka wa 5, baada ya Khandaq. Tarehe mbili tu, na hazina ya Waislamu ikasalimika. Hapo biashara, sheria na historia zote zilikuwa katika karatasi moja.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Baghdad peke yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Bugolora, wakafariki watu zaidi ya 220, Allah awarehemu waliokuwa Waislamu miongoni mwao na awape subira wafiwa wote. Katika msiba wa namna hiyo watu wanaorithiana huzama pamoja: mume na mke, baba na mwana. Nani alitangulia? Kwa Jamhuri, nao ni pamoja na Shafi na Malik, isipojulikana aliyetangulia hawarithiani, na mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Ndivyo ilivyopokewa kwa Zaid bin Thabit (r.a.) katika waliouawa Yamama. Kwa Mahanbali hurithiana katika mali ya asili ya kila mmoja, si katika ile aliyoirithi kwa mwenzake. Na ikithibiti kuwa mmoja alitolewa majini akiwa hai akafa baadaye, hukumu yote inageuka. Saa moja inahamisha nyumba kutoka familia hii kwenda ile. Kuhakiki khabari, nani kaiona, nani kaisikia kwa nani, ni kazi ya mwanahistoria kabla ya kuwa kazi ya kadhi. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikuwa mwanahistoria, akawa kadhi wa Kimaliki Cairo, na ndani ya kitabu hichohicho ana milango juu ya chumo na biashara. Hakuona kuwa anachanganya mambo.

Nasi tuna deni la historia hapa hapa nyumbani. Desemba 1877 waliuawa Ukerewe wamisionari wawili Waingereza wa chama cha CMS, Smith na O'Neill, pamoja na mfanyabiashara aliyekuwa akiitwa Songoro, mmoja wa wale waliofuata njia ya biashara kutoka pwani. Songoro alikuwa na jahazi alilolijenga kisiwani, na wamisionari walilinunua. Ukatokea ugomvi baina yake na mtawala wa Wakerewe, Lukonge. Habari za chanzo zinapishana. Zipo zinazotaja mbao za jahazi na malipo yake. Mauzo, deni na hukumu, vyote vimo katika kisa hicho. Lakini tunakisoma kwa barua na vitabu vya Wazungu. Upande wa Songoro hakuna Muislamu aliyeuandika, na wala hatujui kwa yakini aliacha nini katika dini hapa kisiwani. Na mila za Wakerewe wenyewe aliyeziandika kwa marefu ni Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa hapa hapa, aliyeikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki 1981. Mimi humpa heshima yake kwa kazi ile. Kanuni yetu ya fiqhi inasema kuwa ada ni yenye kuhukumu isipopingana na nassi, na utawezaje kuipima ada ya mahari, ya kikao cha ukoo au ya mjane, ikiwa huijui ilikuwaje na imetoka wapi?

Kuhusu chuo gani, sina marefu. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, tangu 1998, ambacho kina kitivo cha sheria na sharia. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa mwaka 2005. Kipo cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, tangu 1988. Mwenye kupata humo amepata wepesi. Asiyepata akasoma Dar es Salaam, au hapo Nyegezi kwa Mtakatifu Agustino kwa kuwa ni karibu na nyumbani, hana dhambi kwa hilo. Mateka wa Badr walifundisha watoto wa Kiansari kuandika, na Zaid bin Thabit alijifunza maandishi ya Mayahudi kwa amri ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Binti naye ana haki hiyohiyo, kwa sharti la usalama wa safari na makazi. Masahaba wakubwa walikuwa wakimuuliza Bibi Aisha (r.a.) mas'ala ya faraidh.

Sharti langu ni moja tu, na hili nalikaza: asiondoke mikono mitupu. Kijana anayepanda meli ya Mwanza kwenda kusoma sheria hali hajui nguzo za ndoa, au biashara hali hajui masharti ya kuuza, tumemtupa ziwani bila ya boya. Kabla ya chuo kufunguliwa ipo miezi kadhaa baada ya mtihani wa kidato cha sita, na mara nyingi hupotea barazani kwenye simu. Miezi hiyo inatosha kusoma Matn Abi Shuja' milango ya mauzo, ndoa na mirathi.

Kijana wa yule mzee amechagua sheria. Mashine bado iko kwenye mtumbwi, ameomba mkopo. Kila usiku baada ya Isha tunakaa naye na Rahbiyya, ameshaumaliza mlango wa mafungu, sasa tuko kwenye hajb. Juzi nilimwekea ubaoni ile mas'ala ya 32, akaigawa bila ya kukosea. Kisha akaniuliza: "Sheikh, na fomu yake tunaijaza wapi?"